Kasuku na Njugu Yake



Mtu wa Ruiru alitujia darasani hapa Thika akauliza: "Sheikh, nina kasuku wa kijivu, na kibali cha KWS ninacho. Namfundisha kwa kidude kinachoalika: akitenda nitakalo hukialisha, kisha humpa njugu. Je, yafaa?"

Kibali ni jambo jema, kwani ndege hawa wamepungua, hata mwaka 2016 mataifa yakakataza biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa mwituni. Ama kufundisha ni halali. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, yataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Na mlio ule ni ahadi: ndege hujua kuwa nyuma yake ipo njugu, ndipo akarudia tendo. Mwenye kualisha asitoe, amemwongopea kiumbe.

"Na nikimshindisha njaa ajifunze upesi?"

La! Njugu ya mafunzo ni ziada. Chakula cha siku ni haki yake. Umemfungia mlango, basi riziki yake ni amana mkononi mwako. Mtume (S.A.W.) ametuhadithia mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie.

Tena tujitazame. Kasuku hutoa salamu kwa njugu bila kujua maana, wala hana lawama. Lakini mtoto wa chuoni asomaye kwa hofu ya bakora, pasipo kufahamishwa asomacho, tumemfunza kama kasuku, na hata njugu tumemnyima.

Wallahu aalam.