Jino la Pembe na Haki ya Pengo

Wahenga wa pwani walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kwa mambo yaliyo mbali na kinywa: mke aliyeolewa baada ya marehemu, mwana wa kulea aliyekuja nyuma ya mwana aliyezikwa, mkubwa aliyekalia kiti cha mwenzake aliyeondoka. Ni nadra kurudishwa mahali ilipozaliwa, yaani katika ufizi uliopoteza jino. Hata hivyo, huko ndiko uzito wake unakoweza kupimwa vyema, kwa kuwa kinywani hoja haiishii kwenye maneno. Mwenye pengo lazima ale chakula cha jioni.

Mahali pa kuipimia methali hii si lazima pawe kisiwani. Galula, katika Bonde la Ziwa Rukwa, imo katika Wilaya ya Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mto Songwe unaopita huko, ambao si ule wa mpakani mwa Malawi bali ndugu yake wa jina, huteremka kwenda kuishia katika Ziwa Rukwa. Wataalamu wa miamba wamelipa tabaka moja la mchanga mwekundu wa bonde hilo jina la Galula, na ndani ya tabaka hilo, mwaka 2008, walifukua mabaki ya mamba mdogo mwenye kimo cha paka. Mwaka 2010 walimtangaza ulimwenguni kwa jina la Pakasuchus kapilimai. Sehemu ya kwanza ya jina imeanza na neno la Kiswahili, paka. Ya pili ni heshima kwa marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kilichowashangaza wataalamu ni meno ya mnyama huyo aliyeishi kiasi cha miaka milioni 100 iliyopita. Mamba wa leo ana meno yaliyofanana, yaliyochongoka kama misumari. Hunasa na kurarua, kisha humeza. Jino lake likitoka, jingine huota mahali pale pale, na hali huwa hivyo karibu umri wake wote. Mamba wa Galula alikuwa na chonge mbele na magego nyuma, na magego hayo yalikutana, la juu na la chini, kama yakutanavyo ya paka au ya binadamu. Alikuwa mamba mwenye kutafuna.

Hapa pana jambo la kutia akilini. Kutafuna kunataka meno yaliyozoeana. Gego la juu lina bonde linalopokea kilima cha gego la chini, na kufaana huko hakuwezi kudumu ikiwa meno yanabadilishwa kila baada ya muda mfupi. Wengi wa wanyama wanyonyeshao wamepewa zamu mbili tu. Binadamu hupata meno 20 ya utotoni, kisha 32 ya ukubwani, basi. Mamba habaki na pengo kwa sababu hakuna jino lake linalomtegemea mwenzake sana. Binadamu hubaki na pengo kwa sababu meno yake yanategemeana. Kwa hiyo ugumu wa kupata badala si ajali katika maumbile ya kinywa. Ni bei ya kufaana. Jambo hili ni kweli pia katika nyumba na katika urafiki: kilichoshikamana sana na jirani yake hakipatiwi mwingine kwa wepesi.

Sasa na awaziwe mtu wa makamo wa Galula, mkulima wa mpunga, ambaye miaka kadhaa nyuma alisafiri hadi Mbeya mjini akatibiwa gego lililooza. Kiini chake kiliondolewa, mizizi ikazibwa, na jino likavikwa kofia. Siku moja, kokoto iliyojificha ndani ya wali inaikuta kofia hiyo, nayo inavunjika pamoja na kipande cha jino lililokuwa ndani yake. Jino kama hilo halina uhai wa ndani, na limekwisha kupungukiwa na mwili wake mwingi. Si ajabu kuvunjika. Mtu huyu hana tena jino zima, wala hana bado pengo. Yuko katikati, na hapo ndipo maswali yanapoanzia.

Swali la kwanza ni la mabaki. Tabibu hutazama ni kiasi gani cha jino kimesalia juu ya ufizi. Kikisalia kiunzi cha milimita 2 hivi pande zote, kofia mpya huweza kupata pa kushika. Mpasuko ukiwa umeteremka chini kabisa, au mzizi wenyewe ukiwa umechanika kwa urefu, hakuna kofia itakayosimama, hata iwe ya dhahabu iliyochimbwa Saza, katika wilaya hiyo hiyo. Kimaadili pia mpangilio huu una maana. Wajibu wa kwanza ni kwa kile kilichobakia, kabla ya kutamani kipya. Wapo wanaoharakisha kung'oa kwa sababu kipya kinang'aa. Wapo wanaong'ang'ania mzizi uliokwisha kupasuka, wakidhani kuuacha ni kuusaliti. Wa kwanza wanadharau kilicho hai, wa pili wanakataa kukubali kifo. Wote wawili hawajautazama mzizi.

Mzizi ukiwa umepasuka, jino litang'olewa, na pengo litakuwa pengo. Hapo huja swali la pili, ambalo ndilo zito: badala ilipiwe na nani?

Njia moja ni daraja. Meno mawili yaliyo kandokando ya pengo huchongwa pande zote, huvikwa kofia, na jino la bandia huning'inizwa katikati yao. Kazi hii ikifanywa vyema hudumu miaka mingi. Lakini gamba gumu la jino likishachongwa halioti tena. Meno mawili mazima, yasiyo na kosa, hupunguzwa ili pengo la mwenzao lisionekane. Mwenye kutetea daraja atajibu kwamba majirani hao hawako salama hata wakiachwa: jino lililo kando ya pengo huweza kuegemea upande ulio wazi, na la juu lililokosa mwenzake wa chini huweza kushuka taratibu kumtafuta. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Madhara yanayoweza kuja na madhara yanayotendwa kwa mkono si kitu kimoja. La kwanza laweza kungojwa na kuangaliwa. La pili halirudi. Ikiwa majirani wenyewe wamekwisha kuoza na kuzibwa sana, kuwavika kofia ni kuwasaidia, na daraja linakuwa jema kwa wote watatu. Ikiwa ni wazima, ni haki kutafuta kwanza njia isiyowagusa, au daraja jepesi linalogandishwa kwa nyuma pasipo kuchonga sana.

Njia nyingine ni kuotesha mzizi wa madini. Mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa huipokea titani na kushikamana nayo, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya namna hiyo. Mgonjwa huyo alifariki mwaka 2006, mizizi ikiwa ingali ikifanya kazi. Hapa hakuna jirani anayechongwa. Lakini pana bei, pana safari za mjini, pana miezi ya kungoja mfupa ushike. Kwa mkulima wa Galula fedha hiyo ina majina mengine: karo ya mtoto, jozi ya maksai, bati la nyumba ya mama. Majirani wa jino hilo hawamo kinywani tena, wamo nyumbani. Nao pia waweza kuchongwa.

Historia inaonyesha kwamba swali la mlipaji si la kubuni. Meno ya bandia aliyovaa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, yalitengenezwa kwa pembe, kwa madini, na kwa meno ya watu. Daftari la hesabu za shamba lake la mwaka 1784 lina malipo ya meno 9 yaliyotoka kwa watu weusi. Tajiri alipata pa kutafunia, na waliofunguliwa vinywa walikuwa hawana uhuru wa kukataa. Hata pembe inayotajwa katika methali ilikuwa na njia yake. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe za ndovu duniani, na kila pembe iliyofika forodhani ilikuwa imeshuka kutoka bara kwenye mabega ya watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine watumwa. Wahenga hawakusema jino la mti wala la mfupa wa ng'ombe. Walitaja kitu cha thamani kuliko vyote vilivyopita mbele ya macho yao, wakasema hata hicho si dawa.

Je, walikuwa wanakataza? Wapo wanaoisoma methali kama marufuku: usijibandike, kubali ulichopungukiwa. Usomaji huo haukubaliani na busara nyingine ya watu hao hao, wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wala haukubaliani na mapokeo wanayoyatukuza. Imepokewa katika Hadithi kwamba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Akajiwekea pua ya fedha, ikaharibika na kutoa harufu, na Mtume akamwelekeza aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume kuivaa kama pambo, na bado hapa iliruhusiwa. Kutokana na tukio hilo wanazuoni wengi walijuzisha kufunga meno kwa dhahabu. Hapana aliyemwambia Arfaja kwamba amedanganya watu kwa kuficha kilema. Pua ya dhahabu haimfichi mtu. Inamwezesha kukaa na wenzake.

Pamoja na hayo, udanganyifu upo, nao humwangukia zaidi mwenyewe. Mshairi wa tarbia anaujua. Mshororo ukipungua mizani, aweza kuchomeka neno tupu ili hesabu ya 16 itimie. Sikio linaridhika, na maana inajua kwamba hapo hapana mtu. Hakuna ubaya katika neno la kujazia ikiwa mtunzi anakumbuka kuwa ni la kujazia na anaendelea kulitafuta lile lililokosekana. Ubaya huanza anapoliita la asili.

Neno la kushika katika methali, basi, ni dawa. Dawa huponya, yaani hurudisha hali iliyokuwapo. Jino la bandia, liwe la pembe au la titani, halirudishi, linasaidia. Ufizi hauna habari kwamba jino limerudi. Aliyeoa tena baada ya msiba hakutibiwa msiba, na mke mpya huonewa anapotakiwa kuwa dawa badala ya kuwa mtu. Hivyo methali hailaumu jino la pembe hata kidogo. Inalipunguzia mzigo usio wake.

Linabaki swali la tatu, ambalo watu husahau kuuliza kwa kuwa wameshughulika na kuchagua: je, kila pengo linadai kuzibwa? Katika mwaka 2003 Paulo Sarita na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania juu ya watu waliopungukiwa na magego. Walikuta kwamba mtu mwenye magego madogo yaliyotimia, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, hutafuna vya kutosha. Taabu kubwa iliwakuta waliobakiwa na jozi chache mno. Matokeo hayo yana faida mbili. Yanamwondolea aibu aliyeacha pengo la nyuma likae lilivyo, na yanamnyima kisingizio yule anayesema kwamba maskini hawahitaji meno. Kuna kiasi kinachotosha, na kuna chini ya kiasi hicho, ambako kula kwenyewe ni adhabu.

Kwa mkulima wa Galula, basi, mpango unajipanga wenyewe. Mzizi ukiwa mzima, na avike kofia nyingine, hata kama haing'ai. Ukiwa umepasuka, na ung'olewe bila majuto. Kisha ahesabu jozi zinazokutana kinywani mwake. Zikitosha, na aliache pengo, awasafishe majirani wake kila siku, na ampe tabibu nafasi ya kuwatazama kila anapofika mjini. Zisipotosha, jino la kuvaa na kuvua ni bei nafuu na halimchongi mtu; mzizi wa titani ni mwema siku atakapoweza kuulipia bila kumnyang'anya mtoto dawati lake. Daraja na lingoje mpaka majirani wenyewe wawe na haja nalo.

Na akishachagua, atakuta ulimi wake ukienda pale pale kila mara, kupapasa. Ulimi hauna mfupa, lakini una kumbukumbu. Miezi itapita kabla haujazoea, na hakuna fundi, wa Mbeya wala wa Sweden, anayeweza kuuharakisha.