Kopo la Zamani, Roho Mpya

Redio kubwa ya mbao ya miaka ya 1950, ile yenye vioo vinavyowaka ndani, ikianza kuunguruma, mara nyingi mgonjwa ni kapasita. Na si ya kawaida. Ni kopo moja la alumini lenye kapasita mbili ndani, mikrofaradi 32 na 32, volti 350. Maji yake ya dawa yamekauka. Kopo la namna hiyo hulipati Ngara wala Biharamulo, na ukilipata la umri uleule, nalo limekauka.

Fundi anayejua kazi hulikata kopo, akatoa takataka, akaingiza kapasita mbili ndogo za leo, za 33 na volti 450, akalifunga tena. Ukitazama huoni kitu. Redio inasema.

Je, ametengeneza au amedanganya?

Wapenda vitu vya kale watakwambia bora ingeachwa bubu. Siwaungi mkono. Jembe la babu likitiwa mpini mpya, nani anasema si la babu tena? Mzee hakununua sanduku, alinunua sauti.

Lakini nao wanaosema “mradi inaongea, yaliyobaki hayakuhusu” wananitia shaka. Nilikuwapo kwa fundi siku dada mmoja alipofuata redio ya marehemu baba yake. Akauliza, “Hii yote ni ya baba?” Fundi angeweza kuitikia tu, akalipwa. Akasema, “Nje ya baba, ndani ya dukani.” Dada akanyamaza kidogo. “Basi niandikie, kaka, watoto wangu wajue.”

Sisi wa Ngara tunajua kwamba ukweli wa redio haukai kwenye vipuri. Mwaka 1994 RTLM ilichochea mauaji ng'ambo ya pili, Rwanda, na watu kwa maelfu wakavuka Rusumo kuja kwetu. Mwaka uliofuata shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapa hapa Ngara. Chombo ni kilekile. Tofauti ilikuwa kinywa kilichokitumia.

Ndiyo maana naona kopo la zamani lenye roho mpya si uongo. Uongo ni kunyamaza pale mtu anapouliza, au anaponunua akiamini vingine. Kikaratasi kimoja ndani ya kasha kinatosha: nini kimebadilishwa, lini, na kwa nini. Sauti inabaki ya mzee, na mrithi anajua alichorithi.