Ibilisi Naye Alikuwa na Ramani



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome sehemu tatu: Mt 4:8-10, 1Fal 12:1-19 na Efe 2:13-18. Ni mistari michache tu. Nitakusubiri.

Umesoma? Haya, leo naanza na gemu.

Kuna gemu la kompyuta linaitwa Europa Universalis IV. Lilitolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Sweden. Unapewa ufalme mmoja, mwaka ni 1444, na dunia yote imekaa mbele yako kama ramani yenye rangi rangi. Kilichonivutia mimi mtoto wa pwani ni kwamba Kilwa imo humo, Mombasa imo, Malindi imo. Unachagua mmoja, halafu unaanza kupanua rangi yako mpaka majirani wote waishe.

Uzuri mwingine ni kwamba mafaili yake mengi ni maandishi ya kawaida. Ukiyafungua unaweza kuyabadilisha, ukaongeza miji, wafalme na matukio yako mwenyewe. Hiyo ndiyo inaitwa modi. Basi sisi watu watatu tukaamua kutengeneza modi ya pwani yetu: kuunganisha miji ya Waswahili iwe dola moja kabla Wareno hawajafika. Mdogo wangu anachora ramani. Mimi naweka kanuni. Na jirani yetu, kijana Muislamu niliyekua naye, anaandika matukio, kwa sababu anajua historia kuliko sisi wote. Tunakutana kwetu barazani jioni, umeme ukiwepo.

Tulianzisha modi mwaka 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa. Sultani wa wakati huo, al-Hasan ibn Sulaiman, alikuwa akiitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja sultani ametoka kuswali Ijumaa, fukara mmoja akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavua, akampa. Lakini msafiri huyo huyo anasema pia kwamba sultani alikuwa anavamia watu wa bara na kuchukua mali zao, na kwamba fukara yule mwishowe aliongezewa watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kwa hiyo mkono uliotoa nguo ndio huo huo uliogawa binadamu. Historia haina watu wa rangi moja kama ramani yetu.

Sasa njoo kwenye jioni moja ambayo sijaisahau.

Tulikuwa tumefika mwaka 1505. Kwenye modi, kila tukio lina maelezo, lina machaguo, na kila chaguo lina matokeo yake: unaongezewa fedha, unapunguziwa askari, na kadhalika. Julai mwaka ule Francisco de Almeida alifika Kilwa na merikebu zake akauteka mji. Simulizi la mtu aliyekuwemo kwenye safari hiyo linasema baadhi ya mapadre Wafransisko walishuka pwani na misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba Te Deum, wakaenda mpaka jumba la mfalme. Msalaba ukawekwa chini, mkuu wa msafara akasali. Baada ya sala wakaanza kupora mji. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa.

Mimi nilikuwa nimeshaandika matokeo ya tukio lile: Mreno akiteka mji, anaongezewa pointi mia za uchaji. Kwa nini? Kwa sababu magemu mengi ndivyo yanavyofanya, nikaiga bila kufikiri. Jirani yangu akasoma, akanyamaza kidogo, akauliza kwa upole tu, “Kaka, hizo pointi za uchaji anazitoa nani?”

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu akasema tulifute tukio zima, yaishe. Jirani akakataa. Akasema, “Msifute. Babu zetu walikuwepo. Wekeni lilivyokuwa, ila msiseme Mungu alifurahi.”

Ndugu zangu, usiku ule nililala na swali. Mimi ni Mkatoliki, nabeba msalaba shingoni. Nani alifurahi siku ile Kilwa?

Asubuhi nikafungua Mt 4. Nimeisikia kila Kwaresima lakini sikuwahi kuiona hivi. Ibilisi anampeleka Yesu juu ya mlima mrefu, anamwonyesha falme zote za dunia na fahari yake, anamwambia atampa zote akimsujudia. Yaani ibilisi naye alikuwa na ramani! Na angalia kitu alichoahidi: falme zote chini ya mmoja. Huo si umoja? Yesu hakutaka watu wote wawe wamoja? Alitaka sana, mpaka akaliombea usiku wa kuamkia mateso yake. Lakini umoja wa kupewa kwa kusujudia aliukataa palepale. Hakusema ngoja kwanza nizichukue hizo falme, nitazitumia vizuri baadaye.

Na ukirudi kwenye swali la jirani yangu, Kanisa lenyewe halikuficha. Tarehe 12 Machi 2000 Mtakatifu Yohane Paulo II aliadhimisha Misa ya kuomba msamaha pale Roma, na kati ya dhambi zilizotajwa ni zile za wanakanisa waliotumia nguvu kwa jina la ukweli. Kama Papa aliweza kulisema mbele ya dunia, mimi wa Kerege naogopa nini kulisema barazani?

Ningeishia hapo ningekuwa nimejifunza historia tu. Roho Mtakatifu alikuwa na kingine.

Mwanzoni mwa mwaka, vikundi viwili vya vijana, chetu na cha kigango jirani, viliambiwa viungane kuwa kwaya moja. Sisi tulikuwa wengi, wao wachache. Mimi nikiwa katibu nikapanga kila kitu. Jina likabaki letu. Sare zetu. Siku za mazoezi zetu, muda wetu, mahali petu, na wao ndio wa kupanda bodaboda jioni. Ngoma yao nzuri tukaihamishia kwetu. Uongozi wote wetu, wao tukawapa nafasi ya mjumbe mmoja. Kwenye taarifa niliandika kwa furaha kwamba muungano umekamilika. Jumapili ya kwanza walikuja kumi na mbili. Baada ya miezi miwili walikuwa wawili. Mimi nikasema hawa wenzetu hawana moyo wa utume.

Unaona nilichofanya? Niliwameza. Nikapaka rangi yangu juu ya yao, nikajipa pointi mia za uchaji.

Soma sasa 1Fal 12, hasa wewe kiongozi kijana. Rehoboamu amerithi ufalme wa Daudi na Sulemani. Watu wanamjia na ombi moja: utupunguzie mzigo. Anaomba siku tatu. Wazee wanamshauri awe mtumishi wa watu hawa leo, aseme nao vizuri, nao watakuwa wake siku zote. Vijana wenzake wanamshauri aoneshe ubabe, aongeze mzigo. Akawasikiliza marika zake. Makabila kumi yakaondoka, na yule aliyekuwa msimamizi wa kazi za shokoa wakampiga mawe mpaka akafa. Ufalme haukuvunjwa na adui wa nje, ulivunjwa na jibu la kiburi. Hata kwenye gemu lile ukimeza majirani haraka mno, waliobaki wanaungana kukupiga na miji uliyoiteka inaasi. Kama kompyuta inalijua hilo, katibu wa kwaya alikuwa halijui?

Mtume Paulo anatuonyesha njia nyingine kwenye Efe 2. Kristo aliwafanya waliokuwa mbali na waliokuwa karibu kuwa mmoja, na ukuta wa uadui ukabomoka. Kwa gharama ya nani? Ya kwake. Katika mwili wake, kwa damu yake, msalabani. Anayeunganisha ndiye aliyepoteza. Kule Kilwa msalaba ulitangulia, gharama wakalipa wenye mji. Ndiyo maana picha ile inauma.

Pale Bagamoyo, ambapo wengi wetu tumekwenda kuhiji, kuna msalaba mwingine ufukweni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni pale mwaka 1868, wakikomboa watumwa kwa kuwanunua na kuwapa mahali pa kuishi huru. Hawakuwa malaika nao. Ila nenda makaburini, mwendo mfupi tu, uone wamisionari wangapi walizikwa hapo, wengine bado vijana. Gharama ilikuwa ya kwao.

Na Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mwaka 1960 alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziupate pamoja na kuwa shirikisho. Fikiria kiongozi wa chama anayesubiri ushindi, anasema nipo tayari kungoja kwa ajili ya majirani. Haikuwa hivyo. Tanganyika ikapata uhuru wake 9 Desemba 1961, na shirikisho lile mpaka leo tunalizungumzia. Lakini ile kuwa tayari kupungukiwa ndiyo ninayotaka uibebe.

Basi nilifanya nini? Kwanza nilikwenda kitubio. Padre alinisikiliza, akanipa malipizi ambayo sikuyatarajia: nenda kwao, siyo kwenye simu. Nikaenda kwa miguu Jumamosi. Dada aliyekuwa mwenyekiti wao alikuwa anafua. Nikasalimia, nikamwambia niliwakosea, na ngoma yenu nimekuja nayo. Akaitazama ngoma, akanitazama mimi. Akasema, “Kaka, asante kwa ngoma. Mengine tutaongea na wenzangu.” Ndiyo hivyo tu. Wiki iliyopita mazoezi yalifanyika kwao kwa mara ya kwanza, na safari hii waliopanda bodaboda ni sisi. Walikuja watano wa kwao. Jina la kwaya bado hatujakubaliana. Tuombeeni.

Modi nayo tumeibadilisha. Sasa ukitaka kuunganisha mji na mji, lazima uchague kitu chako cha kuachia: ushuru wa bandari, kiti cha baraza, au jina la dola. Mdogo wangu amelijaribu, analalamika kwamba sasa pwani yote haiishi kuwa rangi moja. Tukio la 1505 tumeliacha lilivyokuwa. Kwenye matokeo, pale nilipoandika pointi mia, jirani yangu ameweka sifuri.

Kazi ya wiki hii ni moja. Mtafute mtu au kikundi ulichowahi “kukiunganisha” kwa kukimeza: mdogo wako nyumbani, mwenzako wa jumuiya, mchumba ambaye kila kitu lazima kiwe unavyotaka wewe. Usitume ujumbe. Nenda, na uende na kitu cha kurudisha.

Tusali: Ee Yesu, ulionyeshwa falme zote ukazikataa, ukachagua msalaba. Utusamehe kila mara tulipobeba msalaba wako huku mikono yetu ikipora. Utufundishe kupungua ili wenzetu wapate nafasi, na utufanye wamoja kwa njia yako, siyo kwa njia yetu. Amina.

Mama Maria, utuombee. Tukutane Jumapili ijayo.