Sikukuu Yetu, Taka za Nani?

Ramadhani inapoingia kumi lake la mwisho, mji wa Mombasa huwa na habari zake. Watu huulizana Idi itasaliwa viwanja gani na saa ngapi, mabembea ya watoto yamekwisha fungwa Makadara au bado, barabara ipi itazuiliwa magari, na maduka yatakesha mpaka saa ngapi usiku wa kuamkia sikukuu. Wakuu wa mji nao huwa na matangazo yao juu ya biashara za njiani, usalama wa watu na usafi wa mitaa. Ikija Idi ya Mfunguo Tatu, huongezeka habari za kuchinja. Na ufikapo mwezi wa Disemba, wageni kutoka bara wanapomiminika pwani kwa Krismasi na mwaka mpya, habari za namna hiyo hurudi tena.

Aghalabu sisi huyapokea matangazo hayo kama mtu anayetafuta jambo moja tu: nimeruhusiwa nini na nimekatazwa nini. Tukishajua, twayasahau. Lakini ndani yake mna swali ambalo ni la dini na la akili pia. Mji unaposema kuwa utasafisha mitaa baada ya sikukuu, je, wajibu wangu mimi umekwisha? Furaha yangu ikiacha uchafu njiani, uchafu ule ni wa nani: ni wangu, ni wa wakuu wa mji, au ni wa yule aliyeajiriwa kuuzoa?

Jawabu la wengi wetu lajulikana. Husema: "Twalipa kodi, na watu wa kuzoa taka wapo na wanalipwa." Na mwenye ulimi mwepesi huongeza: "Tusipotupa, wao watakula nini?"

Tusilipuuze jawabu hili, maana lina ukweli ndani yake. Hapo zamani kazi hii ilikuwa ya baraza la manispaa. Kisha ikaja Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, kuzoa taka na kuangalia majaa yake kukawa ni miongoni mwa kazi zao, pamoja na barabara za kaunti, machinjio na makaburi. Basi mwananchi anayeuliza gari la taka li wapi haombi hisani, adai haki yake. Na mkuu aliyeahidi gari siku ya Idi Mosi, kisha likaja Idi Nne taka zimekwisha oza, ameivunja amana. Mali ya umma ni mali ya watu wote, yatima na wajane wakiwemo, na hesabu yake ni nzito mbele ya Mwenyezi Mungu. Hilo twalisema waziwazi, wala hatutaki makala haya yawe mto wa kulalia wakuu wa mji.

Ila jawabu lile lina tundu. Lachukulia kwamba mtu akishamwakilisha mwenziwe katika kazi, basi na dhima yake imeondoka. Hebu tulipime jambo hili kwa mfano tunaoujua sote.

Mtu akifa mtaani, kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi ya kutosheleza. Wakiitekeleza baadhi yetu, wengine wamesalimika. Isipotekelezwa na yeyote, sote tuna madhambi. Katika kila mtaa wetu wako watu wanaojulikana kwa kuosha maiti, na wao wakifika, sisi wengine hukaa barazani tukisubiri jeneza. Hapana lawama. Lakini je, amepatapo kuonekana Mwislamu ambaye, kwa kuwa waoshaji wapo, akamwaga maji yao na kuificha sanda, kisha akasema, "Hiyo ni kazi yao"? Na waoshaji wasipotokea, je, mtaa humwacha maiti wake alale mpaka aoze, kwa hoja ya kuwa mwenye kazi hakuja?

Usafi wa njia ni wa namna hiyo hiyo. Ni jambo linalotuwajibikia sote, nasi tumewaweka wakuu wa mji kuwa mawakili wetu ndani yake. Kazi huwakilishwa, lakini anayemzuia wakili wake asiitimize ile kazi hawezi kuja kudai kwamba dhima imemtoka. Na wakili akishindwa, jambo humrudia mwenyewe. Hatuwezi kumlaumu wakili wetu kwa mkono mmoja huku wa pili watupa ganda la dafu mtaroni.

Wako watakaodhani kwamba haya ni mambo ya manispaa, na kwamba dini imeshughulika na makubwa zaidi. Na wasome alivyoandika Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111 wa miladi. Katika Ihyaa, alipofika kwenye mlango wa kuamrishana mema na kukatazana maovu, hakuishia kwenye ulevi na dhulma za watawala. Aliingia mpaka barabarani. Alihesabu miongoni mwa maovu ya njia kujenga kibaraza kinachoibana njia, kumfunga mnyama pahala atakapowachafua wapitao, mchinjaji kuchinja mlangoni mwa duka lake na damu ikatapakaa njiani, kutupa taka na maganda ya tikiti, na kumwaga maji mpaka ikahofiwa watu wasiteleze. Asili ya hoja yake ni kwamba njia ni manufaa ya wote, na kila mmoja ana haki nayo kwa kadiri ya haja yake, pasina kumdhuru mwenziwe.

Sasa na tuzitazame njia zetu jioni ya sikukuu. Tikiti lile lile la Ghazali utaliona, na makumbi ya madafu, na sahani za karatasi zilizotiwa mafuta ya viazi na mishikaki, na chupa za plastiki. Ikiwa ni Idi ya Mfunguo Tatu, utaiona damu imegandia kichochoroni na matumbo yametiwa mtaroni kwa dhana kwamba maji yatayachukua. Yatayachukua kuyapeleka wapi? Idi haina msimu, maana mwaka wetu wa mwezi huutangulia ule wa jua kwa siku kiasi cha 11. Mwaka 2024 Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia tarehe 10 Aprili, ndani ya masika, na mvua za mwaka huo zilikuwa za mafuriko. Mtaro ulioziba wakati kama huo haumwingilii aliyeuziba. Humwingilia mwenye nyumba iliyo bondeni, mara nyingi mnyonge, ambaye pengine hakuchinja wala hakula nyama.

Serikali ilipoipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kuziba kwa mitaro kulikuwa ni miongoni mwa sababu. Mifuko ikaondoka, ikabaki tabia, na tabia ikatafuta cha kutupa badala yake. Hapo ndipo uonapo mpaka wa sheria. Sheria yaweza kukiondoa kitu mkononi, bali haiwezi kuufundisha mkono haya. Haya hufundishwa nyumbani, na mwalimu wake wa kwanza ni mama na baba, mbele ya macho ya watoto.

Turudi kwa yule anayezoa. Imesemwa kwamba yeye analipwa. Ni kweli, lakini ujira hununua kazi ya mtu, haununui heshima yake. Katika zama za Mtume wetu (S.A.W.) alikuwako mtu aliyekuwa akiufagia msikiti. Akafa usiku, masahaba wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, kana kwamba habari yake ilikuwa ndogo. Mtume alipomkosa akauliza, na alipoambiwa hakuridhika. Akataka aonyeshwe kaburi, akaenda, akamsalia hapo. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Fikiri, msomaji mpenzi: katika mji uliokuwa na mashujaa na mabwana wa makabila, mfagizi akakumbukwa kwa kukosekana kwake. Sisi je, twalijua jina la anayefagia mbele ya mlango wetu?

Mtu huyo naye ana Idi yake. Ana mwana aliyeahidiwa pembea na kanzu mpya. Kila gunia la taka tunaloliongeza njiani ni saa iliyokatwa katika sikukuu yake. Na hapa pana jambo la kutahayarisha. Asubuhi ya Idi, kabla ya sala, tumetoa zakaatul-fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, na hekima mojawapo ya fitri ni maskini asihangaike siku hiyo kutafuta cha kula. Pengine mfagizi huyo ni miongoni mwa waliopokea fitri zetu. Yafaa nini kumpa pishi ya mchele asubuhi ili sikukuu imkute ametulia, kisha jioni tumnyang'anye sikukuu yenyewe kwa ufagio?

Na ikiwa si Mwislamu, haki yake haipungui, maana jirani ana haki yake hata akiwa wa dini nyingine. Mwisho wa Disemba mwaka 2000 Idi ya Mfunguo Mosi ilikuja siku chache tu baada ya Krismasi. Na mwaka 2030, Mwenyezi Mungu akitufikisha, Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa miladi, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Katika nyakati kama hizo njia moja hubeba sherehe za watu wa dini mbili. Tunavyopenda wageni wa Disemba waiache pwani yetu, ndivyo tupaswavyo sisi kuiacha tuliposherehekea.

Huenda mtu akasema: "Idi ni siku ya furaha, mbona mwatukunjia uso kwa maganda?" Hapana aliyekunja uso. Siku ya Idi Mahabushi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume, naye akampa Bibi Aisha nafasi ya kutazama mpaka akatosheka mwenyewe. Furaha ya sikukuu ni sehemu ya dini yetu. Lakini furaha yangu isiwe ni deni lililoandikwa kwa jina la mwingine. Mtume ametufundisha kwamba imani ina matawi sabini na kitu, na la chini kabisa ni kuondosha udhia njiani. Tusidanganyike na neno "chini". Kidato cha chini ndicho mguu hukikanyaga kwanza, na aliyekiruka hicho hatujui amepandaje vya juu. Hata kuchinja kwenyewe, Sura ya Al-Hajj yatukumbusha kuwa kinachomfikia Mola ni ucha Mungu wetu. Basi ucha Mungu wa aliyenoa kisu vizuri, akamlaza mnyama kwa upole, kisha akamwachia jirani damu na kinyesi mlangoni, umeishia wapi?

La kufanya si gumu. Juma moja kabla ya sikukuu, watu wa mtaa na wakutane msikitini baada ya Isha, wayasome matangazo ya mji pamoja, na wamteue mtu wa kwenda kuuliza gari la taka litapita lini. Wanaochinja wachinje pahala pamoja, pachimbwe shimo la damu na la matumbo, lifukiwe vizuri. Kila nyumba iwe na gunia lake, na watoto wapewe zamu, kwani mtoto aliyeokota taka siku ya Idi huona uzito kutupa siku ya pili yake. Wauzaji wa madafu na mishikaki waambiwe kwa wema kwamba pahala pa kuuzia hapapendezi pasipo pipa. Na mfagizi apelekewe sahani ya biriani ikiwa moto, kabla wageni hawajala, wala isiwe makombo. Gari lisipokuja, sauti zetu zifike kwa wakuu zikiwa ni za watu waliokwisha fanya sehemu yao. Sauti hizo zina nguvu kuliko za wenye kulalamika tu, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni katika sunna kwamba mtu huenda kwenye sala ya Idi kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, kama alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.). Wanazuoni wametaja hekima nyingi za jambo hilo. Moja ni kuwasalimia watu wa njia zote mbili, na nyingine ni kuwa njia zote mbili zimshuhudie mja kwa ibada yake. Asubuhi, ushahidi huo ni wa takbiri, kanzu nyeupe na manukato ya udi. Lakini njia haifumbi macho baada ya sala. Yaliyofanyika adhuhuri na jioni nayo yameonwa, na siku ardhi itakapoamrishwa kutoa habari zake, haitasema za asubuhi peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie Idi zenye furaha isiyomdhuru mtu, na atupe wakuu wanaotimiza ahadi na raia wanaostahiki kutimiziwa. Amin.