Habari za leo? Nzuri, ila...

Ndugu zangu Waislamu, tumezoea kujibu "nzuri" hata kabla salamu haijaisha. Msiba hutajwa baadaye, nyuma ya neno "ila". Je, huo si uongo?

Chukua Jumapili ya Desemba 3, 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Siku hiyo hiyo wapo waliotolewa kwenye tope wakiwa hai. Jioni nilimpigia simu ndugu yangu aliyeko Mbulu, wilaya ya jirani. Akajibu: "Nzuri, mvua ya kupandia tumepata. Ila Katesh, kaka! Watu wamekwisha."

Mimi sioni uongo hapo. Mvua kwake ilikuwa rehema, kwa jirani yake msiba, na udongo wa mlima unaowalisha watu wa Hanang ndio uliowafukia. Neno moja lingebebaje yote hayo?

Tunayo "Alhamdulillahi alaa kulli haal". Tazama, inamsifu Mola. Haidai kwamba siku ilikuwa njema. Kinachonikera ni wale (na misibani hawakosekani) wanaoifanya kufuli ya mdomo, wakimkataza aliyefukiwa mwanawe asilie, eti ashukuru tu. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya Masahaba, akakiri kuwa moyo unahuzunika, na wala hakutamka la kumchukiza Mola wake.