Njia Kuu na Nyumba ya Mtu

Barabara njema ni kitu chema, wala mtu asidhani ya kuwa naandika ili kuilaumu. Kila aliyepita zamani kati ya Dar es Salaam na Kibaha ajua jinsi motokaa zilivyosongamana, mgonjwa akingoja pamoja na mwenye mzigo wa mchicha. Njia hiyo ni mlango wa mji; malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo. Basi Serikali iliazimu kuipanua toka Kimara mpaka Kibaha, kilometa 19 na zaidi, ziwe njia nane mahali palipokuwa na mbili.

Lakini mwaka 2017 nyumba zilizosimama kando yake zilivunjwa, zaidi ya elfu moja, na wengi wa wenyewe hawakupata fidia. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi ile ilikuwa hifadhi ya barabara tangu sheria ya mwaka 1932, tena hapo upana wake wazidi ule wa barabara nyingine. Kwa njia kuu kwa jumla, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 yaweka hifadhi ya meta 30 kila upande kutoka katikati. Zamani zilikuwa meta 22 na nusu. Aliyekutwa kati ya vipimo hivyo viwili astahili kulipwa nchi yake ikihitajiwa, maana barabara ndiyo iliyomfuata. Bali aliyejenga ndani ya kipimo cha kale hana dai, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifuata barabara.

Hapo ndipo penye swali letu: Je, haki huishia pale inapoishia sheria?

Mtu mmoja atajibu, Ndiyo. Mpaka uliwekwa, naye akauvuka. Tena fidia hutoka katika kodi ya watu wote, hata ya mjane akaaye mbali, ambaye hakujenga penye katazo. Kwa nini alipe yeye? Maneno haya yana nguvu, wala tusiyadharau.

Lakini fikirini habari ya mwenye shamba amwonaye mgeni akilima kwake. Mwaka wa kwanza hunyamaza. Mwaka wa pili humwuzia maji. Miaka mingi ikiisha kupita, humfukuza siku ya mavuno. Shamba ni lake kweli. Walakini, kimya chake hakikuwa neno? Vivyo hivyo nyumba haioti usiku mmoja kama uyoga. Msingi ulichimbwa mchana, umeme ukaingizwa, watoto wakazaliwa humo, na wenye mamlaka walikuwa wakipita njia ile ile kila siku. Kosa lilikuwa la wawili. Hasara ikachukuliwa na mmoja.

Wengine hutaja shamba la Nabothi. Mimi naona si sawa. Ahabu alitaka bustani kwa ajili yake mwenyewe, lakini barabara ni ya wote, hata ya yule aliyevunjiwa. Ila jambo hili halipunguzi deni, bali laliongeza. Ikiwa faida ni ya wote, haifai mzigo uwe wa wachache. Sisi tupitao upesi twapita juu ya mahali palipokuwa mlango wa mtu.

Kwa hiyo nasema, sheria yaonyesha kipimo cha chini kabisa tusichoweza kukipunguza. Haki yaweza kudai zaidi. Mwenye mamlaka na aweke mawe ya mpaka yaonekanayo, akataze kabla msingi haujachimbwa. Naye aliyeachwa akae miaka mingi, hata asipodai fedha kwa sheria, apewe muda wa kutosha na mahali pa kwenda.

Nasi tunayo sehemu yetu. Ninyi waalimu huitwa mara nyingi mshuhudie mauzo ya viwanja. Msitie mkono kwenye karatasi kabla hamjauliza mpaka wa barabara ulipo. Anyamazaye siku ile kwa kumwonea haya muuzaji, naye amekuwa mmoja wa walionyamaza.