Ukuta wa Kukunja

Katika jimbo la Utah, Marekani, Wamormoni wana mzaha wanaotaniana wao kwa wao: ati mpira wa kikapu wa kanisani ndio ugomvi pekee duniani unaofunguliwa kwa sala. Mzaha huo umezoeleka kiasi kwamba mwaka 2006 ilitoka filamu nzima ya kuchekesha juu ya ligi hizo, iitwayo Church Ball. Kila anayecheka huwa anamkumbuka mtu fulani. Ni nadra sana mtu huyo kuwa yeye mwenyewe.

Nitasimulia mkasa mmoja. Watu wake nimewatunga. Jengo, desturi na hasira zilizomo sikuzitunga.

Tuanze na jengo. Kanisa la Wamormoni, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lina nyumba nyingi za ibada zenye umbo linalomshangaza mgeni. Mbele kuna mimbari na mabenchi. Nyuma ya mabenchi kuna ukuta wa kukunja, na nyuma ya ukuta huo kuna ukumbi uliochorwa mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu, na vikapu vyenyewe vimetundikwa. Jumapili watu wakiwa wengi, ukuta hukunjwa, viti hupangwa juu ya mistari, na waumini hupokea sakramenti wakiwa wameketi uwanjani. Katikati ya wiki viti huondolewa, ukuta hurudishwa mahali pake, na mipira inaanza kudunda.

Mchezo huo kwao si mgeni. Waliunda chama cha vijana wa kiume mwaka 1875, wakafungua jumba la michezo la Deseret Gymnasium jijini Salt Lake City mwaka 1910, na kwa miongo kadhaa, hadi 1971, waliendesha mashindano ya kanisa zima. Timu za kata, yaani za makanisa ya mtaa, zilichujana katika vigingi, kama wanavyoyaita majimbo yao, hadi zilizosalia zikakutana Salt Lake City. Nia ilikuwa njema na haijabadilika: kijana avutwe na mpira, ashikwe na imani. Ndiyo maana hata asiye muumini hukaribishwa kucheza. Tuliweke akilini hilo.

Na mchezo wenyewe ulibuniwa na mtu wa dini. James Naismith alikuwa amehitimu teolojia mjini Montreal kabla ya kwenda Springfield, Massachusetts, ambako Desemba 1891 alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini. Alikuwa akitafuta mchezo wa ndani usioumiza watu. Lakini katika mahojiano ya redio mwaka 1939 alisimulia kuwa siku ya kwanza wanafunzi wake walikabana, wakapigana ngumi na mateke, na mmoja akazirai sakafuni. Ndipo akapiga marufuku kukimbia na mpira mkononi. Sheria zake zilikuwa 13, na ya tano ilikataza kupiga kumbo, kushika, kusukuma, kutega mguu na kupiga. Naismith hakuukabidhi mchezo wake kwa wema wa wachezaji. Alikwisha kuwaona.

Sasa mkasa.

Palikuwa na fundi bomba mmoja katika kitongoji cha kusini mwa Salt Lake City, mwenye umri wa miaka 41. Theluji ikianguka usiku, alfajiri alikuwa nje akiisafisha milangoni kwa wajane wawili kabla hajaenda kazini. Jumapili alifundisha darasa la watu wazima. Hakugusa pombe, sigara, kahawa wala chai, kama linavyoagiza Neno la Hekima, mwongozo wa afya wa kanisa hilo wa tangu 1833. Bomba likimpasukia usoni, hakutukana. Alitamka maneno yale ambayo Wamormoni wa Utah wanasifika kwayo: matusi yaliyobadilishwa herufi moja mbili ili yawe halali.

Alhamisi moja ya Februari, kata yake ilicheza na kata jirani. Na ujirani huo ulikuwa wa karibu kweli. Kata za kanisa hili hugawanywa kwa mitaa, mtu hachagui, na kata mbili au tatu hulitumia jengo moja kwa zamu. Wapinzani wake walikuwa watu wa ng'ambo ya barabara. Wawili walikuwa wateja wake, na mmoja alikuwa daktari wa meno wa watoto wake.

Timu ya wapinzani hao ilikuwa pungufu kwa mchezaji mmoja, kwa hiyo daktari wa meno akamwalika jirani yake mpya. Alikuwa kijana wa Kikongo wa miaka 19, aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akaletwa Utah na mama yake akiwa na miaka 12. Usiku alipakia vifurushi ghalani. Hakuwa muumini wa kanisa lile, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mlango wake.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa hisabati aliyejitolea, na ujira wake ulikuwa asante. Alimwomba fundi afungue kwa sala. Wote wakakunja mikono kifuani na kuinamisha vichwa. Fundi alishukuru kwa jengo, akaomba wawe na roho njema, akamalizia kwa maneno yasiyokosekana katika sala za namna hiyo: asiumie mtu. Amina. Yule kijana naye aliitikia amina.

Hasira haikuja kwa mkupuo. Kwanza kijana alimpita fundi kama anayepita mlango ulioachwa wazi, akafunga. Wenzake fundi walicheka, naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia menoni. Mara ya pili fundi alimwekea mkono mgongoni, na kipenga kikalia.

"Nimemgusa tu, ndugu."

"Umemsukuma, ndugu."

Kisha daktari wa meno akampiga fundi kiwiko cha ubavu, na mwamuzi alikuwa akitazama kwingine.

"Hukuiona hiyo, ndugu?"

"Sikuiona."

"Ndugu, kuna mengi huyaoni."

Hapo neno "ndugu" lilikuwa limeanza kuchachuka. Kanisani lilikuwa heshima. Sasa lilikuwa kisu kilichofungwa kwa leso. Kila aliyekuwa ukumbini alilisikia. Nahodha wa fundi alilisikia, akaona haya kumwambia mtu mzima, mwalimu wa darasa lake, akapumzike. Askofu wa kata, ambaye kwa kazi ya siku zote ni muuza bima, alikuwa mchezaji wa timu hiyohiyo, na wakati huo alikuwa akibishana na mtu mwingine juu ya mpira uliotoka.

Ubao wa pointi uliendeshwa na mtoto wa fundi, mwenye miaka 12. Fundi aliona aibu kupitwa mbele ya mwanawe. Aibu hiyo ilijigeuza ikawa haki: sasa hakuwa tena mtu aliyeshindwa mbio, alikuwa mtu aliyedhulumiwa.

Zikiwa zimebaki sekunde chache na kata yake iko nyuma kwa pointi 6, kijana alinyakua mpira akachomoka peke yake. Mechi ilikuwa imekwisha. Hakukuwa na kitu cha kuokoa. Fundi alimfuata hatua tatu, na kila moja ingeweza kuwa ya mwisho. Kijana aliporuka, fundi alimpiga kumbo akiwa hewani.

Katika jengo lile, nyuma ya kikapu hicho palikuwa na nafasi ndogo tu, kisha ule ukuta wa kukunja. Kijana aliukinga kwa mkono wa kulia. Ukuta ukatikisika wote, na kifundo cha mkono kikavunjika kwa mlio uliosikika hadi kwenye ubao wa pointi.

Yaliyofuata ni yale ya kwenye mzaha. Watu walishikana fulana. Baba wa watoto watano alimwita baba wa watoto wanne jina ambalo hakulibadilisha herufi. Mwamuzi alipuliza kipenga hadi pumzi zikamwishia. Hakuna aliyefunga kwa sala. Fundi alisikika akisema, "Ni mchezo tu. Karuka vibaya mwenyewe."

Jumapili ilikuwa siku ya kumuaga kijana wa kata aliyekuwa akienda umisionari. Ndugu na jamaa walijaa, ukuta ukakunjwa. Fundi alichelewa, alikuwa amekaa garini muda mrefu bila kuzima injini. Viti vilivyobaki vilikuwa vya ukumbini, nyuma ya mabenchi. Akajikuta ameketi chini ya kikapu kilekile, ukuta aliouona ukitikisika Alhamisi sasa umejikunja pembeni kama pazia.

Kwa Wamormoni, mkate na maji ya sakramenti hupitishwa na vijana wadogo wenye daraja la shemasi. Safu yake ilihudumiwa na mwanawe. Fundi aliinua mkono, akaona mstari wa uwanja ukipita chini ya kiatu chake. Mkono ukarudi mapajani. Mtoto alisubiri kidogo kuliko ilivyo kawaida, kisha akasogea kwa mtu wa pili.

Jioni ile fundi alikwenda kwao yule kijana aliyevunjika mkono. Mama mtu alimkaribisha, akamwandalia kiti na kumtengea chai ya maziwa, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Fundi akaeleza, kwa haya nyingi, kwamba dini yake haimruhusu chai. Akapewa maji. Tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mtu huyu alikuwa amelinda amri ya chai miaka 41, hata mbele ya ukarimu wa mama mgeni. Bega lake hakulilinda kwa hatua tatu.

Aliomba radhi. Kijana, bendeji imefika kwenye kiwiko, alimtafsiria mama yake. Mama alisikiliza, akamtazama fundi bila ukali, akasema kwa Kiswahili cha kwao:

"Papa, hata kule kambini watoto walikuwa wanapigana juu ya mpira. Lakini hawakuwa wanasali kwanza."

Fundi alimgeukia kijana. "Anasemaje?"

Kijana alifikiri kidogo. "Anasema ahsante kwa kuja."

Fundi alirudi kwake akiwa mwepesi kidogo, bila kujua alichoambiwa. Kijana alikaa wiki 6 bila kupakia vifurushi. Hakurudi tena katika jengo lile, ingawa daktari wa meno alimwalika mara mbili.

Sasa funzo.

Tumezoea kusema hasira hasara, tukaishia hapo, kana kwamba hasara humrudia mwenye hasira. Tusisahau kuuliza ni hasara ya nani. Fundi alipoteza usingizi na mechi zilizobaki za msimu. Kijana alipoteza mshahara wa mwezi na nusu, na kanisa likampoteza yeye, mtu yule hasa ambaye ukumbi ulijengwa ili aingie. Hasira za mtu mzima mwenye heshima zake aghalabu hulipwa kwa mfuko wa mgeni.

Pili, hasira ina ngazi, na mtu hushuka kirahisi akiwa bado kwenye ngazi za chini. Aliyefika juu hewani, bega limetangulia, hana tena pa kusimama. Mlango wa kutokea ulikuwa pale neno "ndugu" lilipochachuka. Nahodha alipaswa kumtoa pale, na fundi alipaswa kujitoa. Kumwonea haya mkubwa wakati huo si adabu, ni kumtelekeza. Na mwamuzi wa kujitolea ndiye anayehitaji heshima zaidi, maana hana kingine anacholipwa.

Tatu ni ule ukuta. Wengi wetu tunao ndani yetu. Huku tumeweka mimbari, kule tumeweka uwanja, na katikati tumesimamisha kitu chepesi cha kukunjwa, tukijiambia kwamba anayegombana kule si sisi wa huku. Wengine uwanja wao ni usukani wa gari. Wengine ni kikao cha mirathi. Kitabu cha Mormoni chenyewe kinafundisha kwamba roho ya ugomvi hutoka kwa shetani, wala hakikuacha nafasi kwa siku za mechi. Sakafu ni moja. Siku ukuta utakapokunjwa, na hukunjwa daima, utakuta umeketi palepale ulipomwangushia mwenzako.

Mwisho, turudi kwenye ile sala. Fundi aliomba asiumie mtu, kana kwamba majeraha huanguka kama theluji, hayana mwenyewe. Alimwomba Mungu azuie jambo ambalo lilikuwa begani mwake. Kuumia na kuumiza vimetengana kwa herufi moja tu, na herufi hiyo ndiyo iliyokosekana jioni ile. Anayejua kubadilisha herufi ili tusi liwe halali, hashindwi kuongeza moja ili sala iwe ya kweli: nisimuumize mtu.